Elimu Kubwa kwa Mtoto Mdogo

Tunaijua nyumba moja ya Waislamu, katika mtaa mmoja wa Mombasa, ambayo kwa muda wa mwezi mzima haikuwa na mazungumzo baada ya sala ya Isha ila jambo moja tu. Binti wa nyumba hiyo alikuwa amemaliza digrii yake ya kwanza ya ualimu, akafundisha watoto wa nasari kwa mwaka mmoja, kisha akamwendea baba yake kwa adabu akamwambia: "Baba, naomba radhi yako. Nataka kurudi chuo kikuu nikasome digrii ya pili, katika elimu ya watoto wadogo."

Mzee yule alinyamaza kitambo, akaweka chini kikombe chake cha kahawa, akasema: "Mwanangu, tumeuza shamba la minazi ili usome. Leo wataka miaka miwili mingine na gharama nyingine, upate kujua namna ya kumfuta mtoto kamasi? Bibi yako hakuingia skuli hata siku moja, na alilea watoto 9."

Hatuisimulii khabari hii ili tumcheke mzee yule. Maneno yake yamo katika nyumba nyingi, na ndani yake mna maswali matatu yenye haki ya kujibiwa. La kwanza, je, kumfundisha mtoto mdogo ni elimu ya kusomewa, au ni huruma na mazoea tu? La pili, je, aliyeisomea elimu hiyo atapata kazi ya kumweka? La tatu, kuna faida gani kwa Waislamu, ambao watoto wao wengi bado hawajapata hata mwalimu aliyehitimu daraja ya kwanza, kumtoa kijana wao akafuate daraja ya pili? Tumeona mwezi huu tuyatazame maswali hayo moja moja, bila ya kumwonea mzee wala kumpendelea kijana.

SI ELIMU NGENI KWETU

Wako wanaodhani kwamba kumtazama mtoto mdogo kwa jicho la elimu ni fikira iliyoletwa na Wazungu pamoja na viti vifupi na rangi za kupakia. Mwenye haki na apewe haki yake: Froebel, Mjerumani, ndiye aliyefungua mwaka 1837 skuli ya watoto wadogo ambayo baadaye aliiita bustani ya watoto, na Maria Montessori, mwanamke wa Kitaliani aliyehitimu udaktari wa tiba katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, ndiye aliyefungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa mafukara wa San Lorenzo mwaka 1907. Daktari yule hakuona kwamba amejishusha kwa kukaa na watoto wa wafanya kazi. Aliona kwamba elimu yake imepata mahali pa kutumika.

Lakini zaidi ya miaka 900 kabla ya hao, katika mji wa Qayrawan, Afrika ya Kaskazini, Muhammad bin Sahnun, mwanachuoni wa madhehebu ya Imam Malik aliyefariki mwaka 256 wa Hijra (870), alitunga kitabu kizima juu ya adabu za waalimu wa watoto. Humo alieleza kwamba mwalimu awafanyie uadilifu watoto wa matajiri na wa mafukara, asiwatume kazi zake za nyumbani, na akiadhibu asivuke mpaka. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), aliandika katika Ihyaa kwamba moyo wa mtoto ni kito kisafi kinachokubali kila nakshi, na ni amana mikononi mwa wazazi wake. Tena akasema kwamba mtoto atokapo chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mwema, kwani kumnyima mchezo na kumlemea kwa masomo daima huua moyo wake na kuzima akili yake. Naye Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra (1406), alionya kwamba ukali wa mwalimu humfundisha mtoto uwongo na hila, kwa kuwa hutafuta njia ya kujikinga na mkono wa mwenye nguvu.

Na juu ya wote hao uko mwenendo wa Mtume wetu (s.a.w.). Imepokewa kwamba alirefusha sijda yake katika sala ya jamaa kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha. Imepokewa pia kwamba alimtania kwa upole mtoto mmoja, Abu Umayr, kwa ajili ya kidege chake aliyekuwa akimchezea. Huyo ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye mzigo wa umma wote, na bado alikuwa na nafasi ya kuuliza khabari ya kidege cha mtoto. Basi nani kati yetu mwenye shughuli kubwa kuliko zake, hata aone kwamba mtoto wa miaka minne ni jambo dogo?

Kwa hiyo anayetaka kuisoma elimu hii haendi ugenini. Anarudi nyumbani kwa njia ya mbali kidogo.

BIBI NA WATOTO WAKE 9

Mzee wetu amesema kwamba bibi alilea watoto 9 bila ya kusoma. Ni kweli, na Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Lakini bibi aliwajua watoto wale tangu tumboni. Alijua yupi mwoga wa giza na yupi asiyekula samaki. Uani palikuwa na shangazi, mawifi na majirani, kila mmoja akiwa na mkono katika malezi. Na mtoto alijifunza kazi kwa kuitazama ikifanywa: ukili ukisukwa, nazi ikikunwa, ngalawa ikichongwa.

Mwalimu wa nasari wa leo huamka akaingia katika chumba chenye watoto 35 waliotoka katika nyumba 35. Mmoja amelala na njaa. Mmoja husema Kigiriama nyumbani, wa pili Kiswahili cha Kimvita, wa tatu Kisomali, na mwalimu ametakiwa awafundishe kwa Kiingereza. Mmoja hasikii vizuri kwa sikio moja, na hakuna aliyetambua. Watu humwita mtukutu. Huruma peke yake haitamwambia mwalimu yule afanye nini. Huruma itamtuma amsaidie mtoto. Elimu ndiyo itakayomjulisha kwamba mtoto si mtukutu bali ni mgonjwa wa sikio.

Tena umri wenyewe hausubiri. Waganga wa ubongo wametujulisha kwamba afikapo miaka 5 hivi, ubongo wa mtoto huwa umekwisha kufikia karibu 90 kwa 100 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Si kusema kwamba mlango hufungwa baada ya hapo, kwani mtu hujifunza mpaka kaburini. Lakini msingi hujengwa mapema, na fundi wa msingi haajiriwi kwa kubahatisha.

YALIYOTENDWA PWANI YETU

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mnamo mwaka 1982 wazee wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walipeleka kilio chao kwa Aga Khan wa nne. Walisema kwamba watoto wao wanabaki nyuma katika skuli za serikali na wachache mno hufika chuo kikuu. Baada ya mashauri ikaonekana kwamba tatizo halianzi katika darasa la nane, bali linaanza kabla ya darasa la kwanza. Ndipo ulipoanzishwa mpango wa skuli za watoto wadogo ndani ya madrasa, na skuli yake ya kwanza ikafunguliwa Liwatoni, Mombasa, mwaka 1986. Miongoni mwa walioutia nguvu mpango huo tangu mwanzo alikuwa mwalimu wa kike wa hapo hapo Mombasa, Bi Swafiya Said. Mwaka 1990 ukafika Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda, hata skuli zake zikapita 200.

Tunataka wasomaji wetu wazingatie namna kazi ile ilivyofanywa. Wenye mtaa ndio waliotoa chumba na kuunda kamati. Waalimu walikuwa wasichana wa mtaa huo huo, wengi wao wasio na elimu kubwa, wakafundishwa kazi na kutembelewa darasani mara kwa mara. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, makome ya pwani, vizibo vya chupa na vitambaa vya mshonaji. Nyimbo zilikuwa za Kiswahili. Dua ya kula ilisomwa kabla ya kula. Na hesabu ilijifunzwa kwa kuhesabu makome.

Lakini nyuma ya vifuu vile palikuwa na elimu kubwa. Utaratibu wa kumwacha mtoto apange mchezo wake, autende, kisha aeleze alichokitenda, ulitokana na kazi iliyofanywa Marekani, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, na mtaalamu David Weikart na wenzake. Hao walianza mwaka 1962. Walikusanya watoto 123 wa nyumba maskini za Wamarekani weusi. 58 kati yao walipewa skuli ya watoto wadogo, wenye waalimu waliohitimu na waliokwenda kuwazuru mama zao nyumbani kila wiki, na 65 hawakupewa. Kisha watafiti wakawafuata wote wawili makundi hata walipofika umri wa miaka 40. Waliosoma walikuwa wengi zaidi katika kumaliza skuli ya sekondari, walipata chumo zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wenzao.

Mwenye akili atasema: watoto 123 ni wachache, na Ypsilanti si Kibokoni. Na hilo ndilo neno la msomi hasa! Kwa sababu hiyo ilipasa yafanywe majaribio ya huku kwetu. Peter Mwaura, pamoja na Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg wa Oxford, waliwapima watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda kwa vipimo vilivyorekebishwa, na wakatangaza matokeo yao mwaka 2008: watoto waliopitia skuli za wadogo waliwatangulia waliobaki nyumbani, na waliopitia zile za madrasa walikuwa mbele zaidi. Mwalimu wa Liwatoni alijua kwa macho yake kwamba watoto wake wanafanikiwa. Lakini macho ya mwalimu hayapelekwi mbele ya waziri wala mbele ya wenye mali. Ushahidi uliopimwa hupelekwa, na anayejua kuupima ni yule aliyesoma.

Basi swali la tatu la mzee wetu limeanza kupata jawabu. Skuli zile zilihitaji watu wa daraja mbili: yule wa kukaa na watoto mkekani, na yule wa kumfundisha mwalimu, kutunga mafunzo na kupima matunda yake. Akikosekana wa kwanza, hakuna skuli. Akikosekana wa pili, skuli huishi kwa pumzi ya kuazima.

KINACHOSOMWA KATIKA DARAJA YA PILI

Digrii ya pili, ambayo wengine huiita uzamili, kwa kawaida huchukua miaka miwili. Nusu ya kwanza ni masomo: ukuaji wa mwili, akili na lugha ya mtoto, namna ya kutunga mafunzo, watoto wenye ulemavu, uongozi wa skuli, na njia za utafiti, pamoja na hesabu zake. Nusu ya pili ni utafiti wenyewe: mwanafunzi huchagua swali, hupata ruhusa za serikali na za wazazi, huenda akatazama, akauliza, akapima, kisha akaandika kitabu na kukitetea mbele ya maprofesa.

Swali hilo ndilo roho ya digrii. Na hapa kijana wa Kiislamu ana hazina ambayo hakuna mgeni awezaye kumnyang'anya. Mtoto aliyehifadhi juzuu ya Amma kabla ya miaka 7, je, hifadhi ile humsaidia katika kusoma na kuhesabu, na kwa njia gani? Mtoto anayejifunza alifu kutoka kulia asubuhi, na herufi a kutoka kushoto mchana, huchanganyikiwa au huongezeka wepesi? Mtoto aendaye nasari asubuhi na chuoni jioni, hupumzika saa ngapi, na hucheza lini? Maswali haya yanaishi katika kila mtaa wetu, nasi hatuna haki ya kulalamika kwamba watu wa mbali hutueleza vibaya, ikiwa sisi wenyewe hatupeleki mtu wa kutueleza vizuri.

Ama mahali pa kusomea, Chuo Kikuu cha Kenyatta, karibu na Nairobi, husomesha fani hii mpaka daraja ya udaktari wa falsafa. Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma hutoa digrii ya kwanza ya ualimu wa watoto wadogo, nayo ni ngazi ya kupandia. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilifungua taasisi yake ya ualimu Dar es Salaam mwaka 2006, na kinatoa digrii ya pili ya elimu. Na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa mwaka 1992, kimewafungulia mlango watu wasioweza kuacha kazi zao wala watoto wao. Masharti na ada hubadilika mwaka hata mwaka. Basi kijana aandike chuoni moja kwa moja aulize, wala asitegemee maneno ya barazani.

NJIA ZA KAZI

Tuje kwenye swali la pili, la riziki. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliyaweka masomo ya watoto wadogo chini ya serikali za kaunti, nazo huajiri waalimu na wasimamizi. Katika Tanzania Bara, sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Na Zanzibar ilikuwa imekwisha kuitia elimu ya maandalizi ndani ya elimu ya msingi katika sera yake ya mwaka 2006. Maana yake ni kwamba elimu hii si tena fadhila ya wenye huruma, bali ni wajibu wa serikali. Na palipo na wajibu pana kazi.

Mwenye cheti au diploma atafundisha watoto, na akiwa hodari atakuwa mkuu wa skuli. Mwenye digrii ya kwanza aweza kufundisha katika chuo cha ualimu, au kuwa msimamizi wa skuli nyingi za wilaya au kaunti. Mwenye digrii ya pili aweza kutunga mafunzo na vitabu katika taasisi za mitaala za nchi, kufundisha chuo kikuu, au kuongoza mipango ya mashirika yanayoshughulika na watoto. Mwenye udaktari hufanya utafiti na kuwalea watafiti wengine. Tena ziko kazi zisizo na tangazo gazetini: kutunga hadithi njema za Kiswahili kwa watoto wa miaka minne, ambazo ni chache mno, kutengeneza vipindi vya redio, kama vile Zanzibar ilivyowafikia watoto wa vijijini kwa mpango wa Tucheze Tujifunze, na kuvitengeneza upya vyuo vyetu vya Qur'ani, ili mtoto apende kuingia kama anavyopenda kutoka.

Wala hizi si kazi za wanawake peke yao. Tustaajabu kidogo juu ya nafsi zetu. Kwa mamia ya miaka pwani hii, aliyeshika mkono wa mtoto wa miaka mitano na kumfundisha alifu bee tee alikuwa mwanamume, maalimu wa chuoni, akilipwa vijisenti vya Alkhamisi, na watu wakimwamkia kwa heshima njiani. Hakuna aliyesema kwamba kazi ile inampunguzia uanaume. Basi imekuwaje leo, ubao ule ule na mtoto yule yule, ikiitwa nasari kijana wa kiume aone haya?

MSHAHARA, NA NANI ANAYEUPANGA

Hatutaki kuwadanganya vijana wetu. Mshahara wa mwalimu wa watoto wadogo ni mdogo, khasa katika skuli za mitaa zinazotegemea karo za wazazi. Wako wanaokaa miezi bila ya malipo. Na digrii ya pili ina hatari yake: mara nyingi humwondoa mwalimu mbele ya watoto ikamweka nyuma ya meza, kwa kuwa huko ndiko kwenye mshahara. Tukisifu elimu ya juu bila ya kulisema hili, tutakuwa tunaipakua jamii mafuta na kuiachia ukoko.

Hapa ndipo tunaporudi katika nyumba yetu ya Mombasa. Usiku mmoja mzee yule alisema neno ambalo alidhani litafunga mazungumzo: "Mwanangu, mimi nakuhurumia. Mwalimu wa nasari yetu ya msikitini hulipwa chini ya bawabu alindaye lango." Binti akainamisha uso, akasema kwa sauti ndogo: "Ni kweli, baba. Lakini kamati inayoupanga mshahara ule, mwenyekiti wake ni wewe."

Mama yake alimkemea kwa kumjibu baba namna ile, na alistahili kumkemea. Lakini mzee hakukasirika. Alikaa kimya hata kahawa ikapoa. Mkono uliokuwa ukimzuia binti yake ulikuwa umejulikana ni wa nani.

Ndugu zetu, tuseme kweli. Wengi wetu hukataa vijana wetu wasiingie katika kazi hii kwa sababu haina malipo wala heshima, na sisi wenyewe ndio tunaoinyima malipo na heshima. Hukusanya mali kwa mazulia mapya ya msikiti na kipaza sauti kipya, na hilo ni jema. Kisha mwalimu wa watoto 35 akiomba nyongeza twamwambia asubiri, afanye kwa ajili ya Mungu. Kufanya kwa ajili ya Mungu kunatupasa sisi pia, wenye mifuko.

SHAURI KWA VIJANA NA WAZAZI

Kwa kijana tunasema: usikimbilie digrii ya pili kwa kuogopa kukosa kazi tu, wala kwa kupenda herufi mbili baada ya jina. Fundisha kwanza miaka miwili au mitatu. Keti mkekani, jua harufu ya chumba chenye watoto siku ya mvua, andika kila jioni jambo moja lililokushinda. Katika daftari hilo ndimo utakamolikuta swali lako la utafiti. Asiyepata kushindwa na watoto hana la kuwauliza maprofesa. Na ukiona kwamba moyo wako uko mkekani, na diploma yakutosha, basi kaa hapo. Mwalimu hodari wa watoto wadogo hana upungufu mbele ya mwenye digrii tatu.

Tengeneza nia yako. Tazama gharama kabla ya kuanza, na ujue kwamba mikopo mingi ya masomo ina riba. Waulize wanavyuoni unaowaamini kabla ya kutia sahihi, na utafute kwanza ufadhili, au kusoma huku ukifanya kazi. Na ukisha kusoma, rudi. Kama hukurudi kuishi, rudi walau kila likizo uwafundishe waalimu wa mtaa wako yale uliyofundishwa.

Kwa wazazi tunasema: msiwapime watoto wenu kwa jina la kazi. Mwulizeni binti au mwana wenu maswali matatu: umefundisha kwa muda gani, ni swali gani hasa unalotaka kulijibu, na nani atafaidika ukilijibu? Akiwa na majibu, mpeni radhi yenu na mumsaidie. Akiwa hana, msimkatalie kabisa, mwambieni angoje mpaka ayapate. Na binti asizuiwe kwa khofu ya kuchelewa kuolewa peke yake. Mama mwenye elimu ya watoto hana nyumba atakayoiingia ikapata hasara.

Kwa kamati za misikiti na madrasa tunasema: chagueni kila mwaka mwalimu mmoja aliye hodari, mumsaidie karo, na muandikiane naye kwamba atatumikia mtaa kwa miaka kadha. Madrasa 5 zikishirikiana, mzigo huu hauvunji mgongo wa mtu. Na kabla ya hayo yote, mlipeni mwalimu aliyepo.

Ama mzee wetu, khabari zake za mwisho ni hizi. Hakusema ndiyo usiku ule, wala usiku wa pili. Siku ya Ijumaa iliyofuata alisimama katika kikao cha kamati akaomba mshahara wa mwalimu wa nasari utazamwe upya, na wenzake wakakubali kuuongeza, ijapokuwa si kwa kiasi alichokitaka. Alipofika nyumbani akamwita binti yake akamwambia: "Mwanangu, fundisha hapa petu mwaka mmoja zaidi, ujue twahitaji nini. Kisha nenda ukasome. Lakini urudi, maana safari hii sina shamba la kuuza; nina mtaa tu."

Twamwomba Mwenyezi Mungu amjaalie kurudi, na awajaalie wengi mfano wake katika nyumba za wasomaji wetu. Wabillahi tawfiq.